Sukari hadi kilo moja

Mwishoni mwa mwaka 2000 swichi moja iliwashwa Nairobi. Wiki mbili hazikupita, ikazimwa.

Haikuungua. Umeme haukukatika. Ilizimwa kwa amri.

Chenyewe kilikuwa kisanduku cha kawaida chenye matundu ya nyaya. Kila mtoa huduma wa intaneti wa jijini alitakiwa kuleta waya wake na kuuchomeka hapo, ili barua pepe ya mteja wa kampuni moja imfikie mteja wa kampuni jirani bila kutoka nje ya nchi. Waliiita KIXP. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kubeba mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Tume ya mawasiliano, CCK, ikasikia. Mtambo hauna leseni, uzimwe.

Kwa wiki kadhaa sasa swichi hiyo haijanitoka kichwani. Kila mjadala wa "serikali iwabane watoa huduma au iwaachie" unapozuka, watu wanajipanga kama Simba na Yanga, na mimi naikumbuka. Wa upande wa "waachieni" wanaweza kuitumia kuwa ushahidi wao: mnaona serikali inavyoharibu? Wa upande wa "wabaneni" nao wanaweza kuitumia: mnaona kampuni kubwa inavyomeza wadogo pasipo mwamuzi?

Kisa kikisaidia pande zote mbili, huenda swali ndilo lililokosewa.

## Kilomita 35,786

Kabla ya lawama, tuone swichi ile ilikuwa inaokoa nini.

Mwaka 2000 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini. SEACOM ilifika 2009, TEAMS mwaka huohuo, EASSy mwaka uliofuata. Kabla ya hapo njia ilikuwa setilaiti, na setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Pakiti, yaani kipande kimoja cha data, ikipanda na kushuka imetembea zaidi ya kilomita 71,500. Kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu robo sekunde.

Sasa fuata ombi la mtu wa Westlands anayefungua tovuti iliyo kwenye seva ya mtaa wa pili, kwa mtoa huduma mwingine. Linapanda setilaiti, linashuka Marekani. Linapanda tena, linashuka Nairobi. Jibu nalo linarudia safari hiyohiyo. Mara nne robo sekunde ni takriban sekunde nzima, na bado hujahesabu foleni kwenye ruta. Vipimo vya wakati ule vilionyesha milisekunde 1,200 hadi 2,000. Kupitia swichi, milisekunde 60 hadi 80.

Na bei. Laini ya kimataifa ya kilobiti 64 kwa sekunde ilikuwa dola 3,375 kwa mwezi. Uwezo uleule kwa kupitia swichi, dola 200.

Hapo ndipo unaelewa malalamiko yalitoka wapi. Kila pakiti ya Nairobi kwenda Nairobi iliyopitia Marekani ilikuwa ushuru wa mtu. Watoa huduma walijitetea kwamba wanabadilishana mizigo yao wenyewe, ndani ya nchi, na wala hawagusi mambo ya kimataifa. Hoja ilikuwa wazi kama jua, lakini swichi ilibaki gizani mwaka mzima na zaidi, hadi leseni ikatolewa. Februari 2002 ikawashwa tena na watoa huduma watano.

Leseni. Kwa kisanduku cha matundu.

## Kitasa kina mwenyewe

Ukitazama kwa karibu, mdhibiti wa 2000 hakupima kitu. Hakuuliza pakiti inachelewa kiasi gani, wala mteja analipa ngapi. Aliuliza swali moja tu: umepewa ruhusa na nani?

Huo naita udhibiti wa mlango. Una tabia moja mbaya: aliyekwisha kuingia ndani huupenda kuliko wote. Mwaka 2024, Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilipokuwa imeshapata mwaka mmoja sokoni Kenya, Safaricom iliiandikia mamlaka ya mawasiliano ikishauri watoa huduma wa setilaiti wasipewe leseni ya kujitegemea, bali wafanye kazi chini ya kampuni zenye leseni nchini. Walitaja usalama na mwingiliano wa masafa, na mwingiliano wa masafa ni jambo la kweli, si la kubeza. Lakini dawa iliyopendekezwa haikuwa kipimo cha mwingiliano. Ilikuwa kitasa.

Tabia ya pili ni kwamba mlango ni mahali pazuri pa kuweka sanduku la makusanyo. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na ndugu zao. Waliopewa kazi ya kufunga na kufungua ni watoa huduma: hujalipa kwa pesa za simu, anwani hizo hazifunguki. Watu wakakimbilia VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwa siri kwenye seva ya mbali, na hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mtoa huduma mkubwa huwa na seva za akiba ndani ya nchi, zinazohifadhi video na picha zinazoombwa sana, ili zisivuke bahari kila mara. Mtumiaji wa VPN haonekani na seva hizo. Video iliyokuwa Kampala inaombwa kutoka Ulaya, inavuka mkongo, inarudi imefungwa kwenye bahasha ya ziada, inakula bando zaidi. Yaani kodi iliirudisha Kampala kwenye hali ya Nairobi kabla ya swichi. Juni 2021 ikafika mwisho, na badala yake ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe.

Tabia ya tatu ndiyo inayonitia baridi. Januari 2021, kuelekea uchaguzi, mdhibiti wa mawasiliano wa Uganda aliwaagiza watoa huduma wafunge intaneti, wakafunga. Hawakuhitaji kuvunjiwa mlango. Anayeishi kwa leseni hujua nani anaweza kuichukua.

Kufikia hapa nilikuwa karibu kuhamia upande wa "waachieni".

## Nyimbo za watu wanne

Kilichonirudisha ni Comcast, mtoa huduma mkubwa wa intaneti wa Marekani.

Mwaka 2007 huko Oregon, Marekani, Rob Topolski, mtu wa mitandao na mpenzi wa nyimbo za kale za watu wanne zinazoimbwa bila ala, alikuwa akigawa rekodi zake kwa BitTorrent, njia ya watu kupeana mafaili kompyuta kwa kompyuta. Nyimbo zenyewe zilikuwa kongwe kiasi kwamba hazina tena mwenye haki. Hazikuwa zinatoka. Kasi yake ilikuwa nzuri kwa kila kitu kingine. Akanasa pakiti na kuzisoma moja moja.

Akakuta pakiti za RST ambazo kompyuta yake haikuzituma.

Kwa wasiozijua: mazungumzo ya kompyuta mbili kwa utaratibu uitwao TCP yana ishara ya kuyakatisha ghafla, ndiyo RST. Upande mmoja ukiituma, mwingine unafunga papo hapo. Comcast ilikuwa ikitengeneza ishara hizo katikati ya njia na kuzituma pande zote mbili, kila upande ukidhani zimetoka kwa mwenzake. Ni kama unaongea na shangazi yako kwa simu, halafu mtu wa mitamboni anaigiza sauti yako kumwambia shangazi "haya, kwaheri", na anaigiza sauti ya shangazi kukuambia wewe vivyo hivyo. Wote mnakata, kila mmoja akishangaa adabu ya mwenzake.

Kampuni ilikanusha. Shirika la habari la AP likajaribu lenyewe kwa kugawa faili la Biblia ya King James. Likakatwa pia.

Sasa angalia yaliyofuata. Agosti 2008 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, iliiamuru kampuni iache. Aprili 2010 mahakama ikasema FCC haikuwa na mamlaka hayo. Februari 2015 FCC ikapitisha kanuni kali za mtandao usiobagua, yaani mtoa huduma asipendelee wala kukwamisha pakiti za yeyote, kura 3 kwa 2. Desemba 2017 ikazifuta, 3 kwa 2. Aprili 2024 ikazirudisha, 3 kwa 2. Tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Cincinnati ikazitupa. Serikali ikibadilika, kanuni nayo inabadilika, na mawakili wanajenga nyumba.

Lakini mchezo wa kughushi RST wenyewe Comcast waliuacha 2008, kabla hata mahakama haijasema lolote. Kilichowaaibisha ni pakiti zilizowekwa mezani, kila mwenye ujuzi akaweza kurudia jaribio na kuona vilevile.

Soko pekee lisingeligundua. Mteja anaona "intaneti leo nzito", basi. Hajui kama ni mvua, ni ruta yake, au ni mtu anaigiza sauti ya shangazi yake.

## Mizani

Sokoni tunajua jambo hili tangu zamani. Tanzania hakuna anayebishana kama serikali "iachie soko huru la sukari" kwa maana ya kila mwenye duka kuwa na kilo yake. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani, wanabandika stika kwenye pampu za mafuta, wanapambana na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima auze zaidi ya kilo 100 kwa bei ya gunia moja. Hawamwambii mwenye duka amuuzie nani. Wanasema tu: kilo iwe kilo.

Kwenye intaneti, nchi iliyofika karibu na hapo ni Ujerumani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015 inataka mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje, pamoja na kasi iliyotangazwa, namba tatu: kasi ya juu, kasi ya kawaida, kasi ya chini. Wajerumani wakaongeza mizani yenyewe. Tangu Desemba 2021 mteja anapakua programu ya mdhibiti, anapima kwa waya mara 30 katika siku 3 tofauti, na programu inatoa hati. Ikiwa kasi ya chini imevunjwa angalau siku 2 kati ya 3, au kasi ya kawaida imefikiwa katika chini ya asilimia 90 ya vipimo, au hakuna siku 2 ambazo walau mara moja iligusa asilimia 90 ya kasi ya juu, mteja ana haki ya kupunguza malipo au kuvunja mkataba.

Hakuna kura 3 kwa 2 hapo. Kuna hati.

## Kupima bila kujidanganya

Watu wengi wakisikia "kupima" wanafungua tovuti ya kupima kasi kwenye simu, Wi-Fi, chumba cha tatu kutoka kwenye ruta. Kipimo hicho kinapima kuta.

Anza kwa waya kutoka kwenye ruta hadi kompyuta, vifaa vingine vyote vizimwe. Kumbuka Mbps ni biti, na faili linapimwa kwa baiti: laini ya Mbps 10 ikishusha MB 1.25 kwa sekunde hujaibiwa kitu. Pima alfajiri, mchana, na kati ya saa 2 na saa 5 usiku, siku kadhaa. Kila mara tumia seva mbili, moja ya ndani ya nchi na moja ya Ulaya.

Seva ya pili ndiyo muhimu, kwa sababu seva ya kupimia mara nyingi iko ndani ya jengo la mtoa huduma wako. Pakiti haikutoka hata getini. Unaona Mbps 20 kamili huku mkutano wako wa video unakatika, kwa kuwa uhaba uko mbele zaidi, kwenye uwezo alioununua wa kutoka nje.

Chukua mfano. Mtoa huduma mdogo ana wateja 500, kila mmoja kauziwa Mbps 10. Ameuza Mbps 5,000. Ananunua 250. Uwiano ni 1 kwa 20, na huo si wizi, maana wateja 500 hawashushi kwa sekunde ileile. Saa 3 usiku, 100 tu kati yao wakitazama video ya Mbps 4, wanahitaji 400. Hazipo. Hata faiba ina hesabu yake: tundu moja la GPON, mfumo wa faiba ambao nyumba nyingi hugawana tundu moja, hubeba gigabiti 2.488 kushuka, na likigawanywa kwa nyumba 64, kila nyumba ni karibu Mbps 39 endapo wote wataamka pamoja. Kuuza 100 hapo ni kucheza bahati nasibu, ambayo mara nyingi mtoa huduma anashinda na mteja hashtuki.

Ili kujua uhaba uko wapi, tumia mtr, programu ya bure inayoonyesha kila ruta ambayo pakiti inapitia na ucheleweshaji wake, pakiti 100 kwa kila kipimo. Usiku ucheleweshaji ukipanda kuanzia hatua ya kwanza au ya pili baada ya ruta yako, tatizo ni la mtaani. Ukipanda pale njia inapotoka nchini na kubaki juu hadi mwisho, ni uwezo wa nje. Na tafadhali: ukiona hatua ya katikati inapoteza asilimia 60 ya pakiti, lakini zinazofuata hazipotezi kitu, usimpigie mtu simu kwa hasira. Ruta nyingi huweka majibu ya pingi, yaani pakiti za majaribio kama hizi, mwisho wa foleni. Upotevu wa kweli huendelea hadi hatua ya mwisho.

Bando la simu lina mizani yake, ngumu zaidi. Pakiti ya kawaida ni baiti 1,500, na 40 kati ya hizo ni bahasha: anwani na namba za kupanga. Kwenye GB 1 bahasha pekee ni karibu MB 27. Kisha kuna pakiti inayohesabiwa kwenye mtambo wa kati kabla ya kurushwa kwa mnara. Ikipotea hewani na kutumwa upya kutoka kwenye seva, imehesabiwa mara mbili. Ndiyo maana anayekaa penye mtandao dhaifu huapa kwamba bando lake "linaliwa". Kwa sehemu yuko sahihi.

## Bei ya chini inamlinda nani

Tanzania mjadala haujawa sana wa kubagua mtandao, umekuwa wa vifurushi. Tarehe 2 Aprili 2021 kanuni ndogo za vifurushi zilianza, watu wakaamka na bei mpya, kelele zikapanda, na siku hiyohiyo serikali ikaagiza bei za zamani zirudi.

Kwenye kelele zile kulizama kitu kizuri: sharti la mteja kuarifiwa kifurushi kinapofika asilimia 75 na 100. Hiyo ni mizani. Ndogo, lakini ni mizani.

Upande mwingine kuliwekwa bei za ukomo: MB moja isishuke chini ya shilingi 2.03 wala isipande juu ya 9.35. Piga hesabu. GB 1 ilikuwa kati ya shilingi 2,079 na 9,574. Ukomo wa juu naelewa. Wa chini unatetewa hivi: mkubwa asiuze kwa hasara hadi wadogo wafe, kisha apandishe. Hofu hiyo si ya kubuni. Ila angalia inavyotendeka. Mtoa huduma aliyepata uwezo wa mkongo kwa bei nafuu hawezi kuupitisha kwa mteja chini ya mstari, na mteja hana njia ya kujua MB aliyouziwa ilibanwa kasi au la. Bei imepimwa hadi senti ya mwisho, bidhaa yenyewe haijapimwa.

## Shaka mbili

Ya kwanza ni ya yule kijana mwenye antena juu ya ghorofa, anayewauzia majirani 60 kwa ruta moja. Ukimtaka awe na mfumo wa hati za vipimo kama kampuni ya kitaifa, umemfungia mlango kwa jina la mizani. Nadhani mzigo wa kupima ukae kwa mdhibiti na mteja, kwa programu ya bure, kama walivyofanya Wajerumani. Hata hivyo kijana yule atashindwa vipimo mara nyingi kuliko wakubwa, na hajashindwa kwa hila. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja karibu na Afrika Kusini, wenye njia tatu waliyumba, wenye njia moja walizama. Mizani ya haki inahitaji kipengele cha siku kama ile.

Ya pili sina jibu lake. Mdhibiti mwenye nguvu ya kulazimisha kampuni itoe namba zake ana nguvu ya kulazimisha mengine pia. Hakuna mizani isiyo na mshika mizani. Ninachoweza kusema ni kwamba kuzima intaneti hakuhitaji vipimo, na waliozima hawakuwahi kusubiri vipimo.

## Neno "hadi"

Tazama tangazo lolote la intaneti ya nyumbani, Dar, Mombasa au Kampala. "Kasi hadi Mbps 20." Neno hadi lina herufi nne, na ndilo linalobeba mkataba mzima. Mbps 3 iko ndani ya hadi 20. Mbps 0 pia iko ndani.

Mwenye duka akiandika kwenye karatasi "sukari hadi kilo moja, shilingi 3,000", watoto wa mtaa watamcheka hadi afunge.

Mstari ambao ningependa mdhibiti yeyote wa ukanda huu aulazimishe kwenye kila mkataba si mrefu. Ya juu 20. Ya kawaida 14. Ya chini, saa 2 hadi saa 5 usiku, 8. Imepimwa kwa seva iliyo nje ya jengo la mtoa huduma.

"Hadi" hapo imebaki kwenye saa tu.